Deni la Waliokufa na Mkono wa Mfadhili

Kuna swali moja, ndugu msomaji, ambalo wengi hulipita bila kuligusa kwa sababu linafanana na jambo lililokwisha kuamuliwa. Mtu anapotoa fedha zake ili jiwe la ukumbusho wa vita lisianguke, au ili askari mzee aliyepigana zamani asilale na njaa, kitendo chake tukiite nini? Je, ni sadaka? Ni malipo ya deni? Au ni bei ya kitu anachotaka kukinunua kwetu, nasi hatutambui kwamba tunauza? Majina haya matatu yako karibu katika kinywa, lakini yako mbali sana katika maana. Apokeaye sadaka hushukuru, alipwaye deni huhesabu, auzaye hupungukiwa. Yatupasa kujua tuko katika hali gani kabla hatujanyosha mkono.

Nitalijadili swali hili kwa mfano ulio karibu nasi. Katikati ya mji wa Nairobi, kando ya barabara iitwayo leo Kenyatta Avenue, ambayo zamani iliitwa Delamere Avenue, zimesimama sanamu tatu za shaba. Ziliwekwa katika miaka ya 1920 ili ziwe ukumbusho wa Waafrika waliotumika katika Vita Kuu ya 1914 hadi 1918, na sanamu nyingine za namna hiyo ziko Mombasa na Dar es Salaam. Mmoja wa watu hao watatu ni mpagazi. Maneno yaliyoandikwa chini yao yako kwa Kiingereza, kwa Kiarabu na kwa Kiswahili. Yanawataja askari, kisha yanawataja wapagazi, kwamba wao ndio waliokuwa miguu na mikono ya jeshi, na mwisho yanatoa ahadi, kwamba mtu akiipigania nchi yake, hata akifa, watoto wake watalikumbuka jina lake.

Tulia kidogo juu ya neno hilo la mwisho. Sasa izunguke sanamu pande zote ukatafute jina la mtu hata mmoja. Hutaliona. Ahadi ya jina ilichongwa, majina yenyewe hayakuchongwa. Wazee wetu walisema ahadi ni deni, na walisema kweli. Basi tangu siku ile jiwe lilipofunuliwa mbele ya watu, deni lilianza kuhesabika, na wenye kudai hawakuwa na kinywa cha kudaia.

Yafaa ujue ukubwa wa deni lenyewe, maana bila hivyo maneno yetu yatakuwa upepo. Vita hivyo katika Afrika Mashariki havikupiganwa katika mahandaki kama kule Ufaransa. Jenerali Paul von Lettow-Vorbeck wa jeshi la Kijerumani alikuwa na watu wachache, naye hakutaka kukutana na adui zake uso kwa uso mpaka apende mwenyewe. Alirudi nyuma, akapinda, akavuka mito, akaingia Msumbiji, akatoka, akaingia Rhodesia ya Kaskazini, na hakuweka silaha chini mpaka tarehe 25 Novemba 1918, siku 14 baada ya vita vya Ulaya kwisha. Jeshi la Waingereza likamfuata kila alikokwenda. Farasi na ng'ombe walikufa kwa ugonjwa wa mbung'o, magari yakakwama katika matope ya masika, na reli ilikuwa mbali. Kilichobaki ni kichwa cha mwanadamu. Risasi, unga, mahema, dawa, hata chupa za maofisa, vyote vilikwenda vimetwikwa vichwani mwa watu, kila mtu na mzigo wake wa ratili 50 au 60, siku baada ya siku, kwa mamia ya maili.

Katika upande wa Waingereza peke yake watu waliopagaa mizigo hiyo, tukiwahesabu wote katika muda wa vita, walizidi milioni moja. Wengi hawakutoka kwao kwa hiari. Machifu waliamrishwa kuwatoa. Hesabu ya serikali ilisema wapagazi waliokufa walikuwa kama 95,000, na wanahistoria wengi wanaona hesabu hiyo ni pungufu. Tena hawakufa kwa risasi. Walikufa kwa kuhara damu, kwa malaria, kwa homa ya mapafu, kwa ubaridi wa usiku katika milima wasiyoizoea. Wengine waliuawa na posho yenyewe, maana unga wa mahindi usioiva vizuri huyachana matumbo ya mtu aliyezoea chakula kingine, na mtu aliyechoka hana subira ya kukaa jikoni. Anayenunua vyondo leo katika soko la Kariokor, Nairobi, au vitambaa katika mitaa ya Kariakoo, Dar es Salaam, analitaja jeshi hilo bila kujua, kwa kuwa jina lenyewe ni Carrier Corps lililolainishwa na ulimi wa Kiswahili. Huo ni ukumbusho ambao hakuna mfadhili aliyeulipia hata senti moja, nao umedumu kuliko mwingi uliolipiwa.

Sasa, wakati wapagazi walipokuwa wangali wakifa, huko London palikuwa pakifanyika jambo la heshima kubwa. Mwaka 1917 iliundwa Tume ya Makaburi ya Vita, na mwanzilishi wake, Fabian Ware, pamoja na wenzake walikata shauri ambalo halikuwahi kukatwa na dola yoyote kubwa kabla yao: kwamba kila aliyekufa akumbukwe kwa jina lake, na kwamba mawe yao yawe sawa, pasiwe na tofauti ya jemadari na askari wa kawaida, wala ya tajiri na maskini, wala ya rangi na dini. Ni kanuni nzuri, nami sioni haya kuisifu. Mama wa Kiingereza aliyekuwa mfuaji wa nguo aliweza kwenda Ufaransa akaona jiwe la mwanawe limesimama karibu na jiwe la mwana wa lodi, na yote mawili yana kimo kimoja.

Lakini kanuni hiyo ilipofika kwetu ilivuliwa viatu ikaachwa nje ya mlango. Askari wa Kizungu waliokufa katika mapigano ya Taveta na Salaita mwaka 1916 walipewa makaburi yao na majina yao, nayo yangali yanatunzwa mpaka leo. Wapagazi waliokufa katika njia hizo hizo walipewa sanamu moja ya jumla. Na sababu iliyotolewa? Baadhi ya wakubwa wa siku zile waliandika waziwazi kwamba Mwafrika wa kawaida hathamini jiwe la kaburi, na kwamba hajali kuwekewa alama mahali alipolazwa ndugu yake.

Samahani, msomaji, nikisimama kidogo hapa, kwa sababu neno hilo haliwezi kupitwa kimya. Waliolisema walikuwa wanatawala pwani yenye makaburi ya nguzo yaliyojengwa kwa matumbawe na chokaa karne nyingi kabla yao. Katika magofu ya Gedi, karibu na Malindi, liko kaburi lenye tarehe ya mwaka 802 wa Hijra, yaani mwaka 1399. Nyuma ya pwani hiyo hiyo, Wamijikenda walikuwa wakiwachongea wazee wao wa chama cha Gohu nguzo za mti ziitwazo vigango, na kuzisimamisha ili roho ya marehemu ipate mahali pa kukaa. Vigango hivyo viliibwa kwa wingi katika karne iliyopita, vikauzwa ng'ambo, vikapambwa katika nyumba za watu na katika majumba ya makumbusho ya Marekani. Na tangu mwaka 2007 baadhi yake vimekuwa vikirudishwa. Basi watu walioambiwa kwamba hawathamini alama ya mfu wamelazimika kuvuka bahari kudai alama za wafu wao. Na bara, Wakikuyu, Wakamba, na wengine wengi hawazai mtoto wakamwacha bila kumpa jina la aliyetangulia. Kusema watu hawa hawajali jina la marehemu ni sawa na kusema samaki hajali maji.

Liko na deni jingine, la fedha hasa. Mpagazi aliyekufa njiani aliacha mshahara wake haujalipwa. Oscar Watkins, aliyekuwa mkuu wa idara ya wapagazi, alijua jambo hilo vizuri kuliko mtu mwingine yeyote katika serikali, kwa kuwa daftari zilikuwa mikononi mwake. Mishahara ya maelfu ya wafu ilibaki bila mwenyewe, kwa maana jamaa hawakujulikana, au hawakutafutwa kwa bidii, na mabishano juu ya fedha hizo yaliendelea kwa miaka mingi baina ya makoloni na London. Wajane wengi hawakuona kitu. Hapa hatusemi juu ya heshima wala ukumbusho. Tunasema juu ya ujira wa mtu uliobaki katika sanduku la mwingine.

Miaka mia ikapita. Aprili 2021 Tume ile ile, ambayo tangu 1960 inaitwa ya Jumuiya ya Madola, ilitoa ripoti juu ya mwenendo wake yenyewe. Ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na pengine hata 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina yao au hawakukumbukwa kabisa. Waziri wa Ulinzi wa Uingereza, Ben Wallace, aliomba radhi katika Bunge. Tangu hapo fedha zimekuwa zikitolewa ili majina yatafutwe na mahali pa ukumbusho pajengwe. Mwanzoni mwa mwaka 2025, kwa mfano, ukumbusho mpya ulifunguliwa Cape Town kwa ajili ya Waafrika zaidi ya 1,700 wa Afrika Kusini waliokufa katika kazi za jeshi. Kila mmoja amepewa mti wake wenye jina lake.

Basi turudi katika swali letu. Fedha hizo ni sadaka? La, hasha. Jirani akiazima jembe lako akalivunja, kisha baada ya miaka mingi akakuletea jembe jipya, akitaka umpigie ngoma na kumwita mfadhili wa ukoo, utafanyaje? Jembe hutalikataa, kwa maana shamba linangoja na mvua haimngojei mtu. Lakini ngoma hutapiga. Utalipokea jembe, utalikagua mpini wake, utamwambia: Vema, umelipa, na chai utampa kama umpavyo mtu yeyote aingiaye kwako.

Hata hivyo haki inatutaka tuseme na upande wa pili. Yule anayelipa leo siye aliyevunja jembe. Fedha za Tume hutolewa na serikali sita, za Uingereza, Kanada, Australia, New Zealand, India na Afrika Kusini, na fedha za serikali hutoka katika mifuko ya watu wa kawaida ambao babu zao labda hawakupata kuisikia Kenya. Kuna na watu binafsi wanaotoa kidogo walicho nacho wakiwakumbuka askari wasiowajua kabisa. Je, hao nao tuwapokee kwa uso wa mdai? Naona hapa ndipo penye ufunguo. Mwana anayelipa deni la baba yake hastahili sifa ya ukarimu, kwa sababu hakutoa kilicho chake peke yake. Lakini anastahili sifa nyingine, nayo ni kubwa zaidi, ya mtu mwaminifu. Alikuwa na njia ya kusema kwamba deni lilizikwa na mwenyewe, wala hakuifuata. Mtu wa namna hiyo tumheshimu kwa moyo mweupe, wala tusimdhalilishe kwa kumwita mkarimu.

Jambo huwa gumu zaidi pale anayelipia ukumbusho ni yule yule aliyesababisha kilio. Katika Uhuru Park, Nairobi, tarehe 12 Septemba 2015, ulifunuliwa ukumbusho wa watu walioteswa katika wakati wa hali ya hatari, siku za vita vya Mau Mau. Fedha zake zilitoka kwa Serikali ya Uingereza. Miaka miwili kabla, Juni 2013, wazee 5,228 walikuwa wamefikia mapatano na Serikali hiyo baada ya kuishtaki London, wakakubaliwa jumla ya pauni milioni 19.9, na ujenzi wa ukumbusho ulikuwa sehemu ya mapatano hayo. Waziri William Hague alisema Bungeni kwamba Serikali yake inasikitika kwa dhati kwa mateso yaliyotendeka. Na katika hotuba ile ile akasema kwamba haikubali kuwa inawajibika kisheria kwa matendo ya utawala wa koloni. Angalia jinsi mkono na kinywa vilivyoachana: mkono ulilipa kama mdeni, kinywa kikasema kama mtoa sadaka.

Wapo waliosema kwamba fedha hizo zingekataliwa. Hoja yao ina uzito, maana si jambo jepesi kumwachia aliyekupiga akununulie kitambaa cha kufungia jeraha. Lakini mimi siungi mkono kukataa. Dawa ya deni ni kulipa, na mdai anayekataa malipo kwa hasira humwacha mdeni akiwa na fedha zake na wafu wakiwa hawana mahali. La kuangaliwa ni nani anayeshika patasi. Hapo Uhuru Park sanamu haimwonyeshi Mwingereza akitoa kitu. Inamwonyesha mwanamke akimpa chakula mpiganaji wa msituni, nao wawili wamegeuziana nyuso upande, asije mmoja akamtambua mwenzake na kumtaja siku atakapoteswa. Ndiko kutoa kulivyokuwa siku zile: mtoaji hakuonwa uso, hakuulizwa jina, wala hakungoja ahsante, na malipo yake akishikwa yalikuwa kamba. Sijui kama waliolipa gharama za sanamu hiyo walilitazama jambo hilo kwa makini. Lakini limo humo, na kila mfadhili apitaye anaweza kujipima nalo.

Utaniuliza, tena kwa haki: Kwa nini mawe na shaba, hali wapo walio hai wenye njaa? Swali hilo ni kali, na wanaoliogopa hawafai kusema juu ya kumbukumbu. Katika Vita Kuu ya Pili makumi ya maelfu ya vijana wa Kenya waliingia jeshini. Wengine walipigana na Waitaliani Uhabeshi, wengine na Wajapani katika misitu ya Burma mwaka 1944. Hati zilizofichuliwa mwaka 2019 zilionyesha kwamba vita vilipokwisha, Mzungu alipewa kiinua mgongo kilichofikia hata mara tatu ya kile alichopewa Mwafrika wa cheo kile kile, kana kwamba risasi ya Burma ilichagua ngozi. Wengi wa askari hao waliishia katika uzee wa kuombaomba. Chama cha askari wa zamani wa Jumuiya ya Madola, kilichoanzishwa Cape Town mwaka 1921, kimekuwa kikiwatafuta na kuwasaidia katika nchi nyingi. Na mwaka 2018 Serikali ya Uingereza iliahidi kama pauni milioni 12 ili wazee na wajane wao wapatao 7,000 wapate milo miwili kwa siku. Milo miwili! Tangu 1945 hata 2018 ni miaka 73. Aliyekuwa na umri wa miaka 20 siku ya ushindi alikuwa na miaka 93 siku ilipotangazwa kwamba atapata chakula cha mchana na cha jioni.

Kwa hiyo sisiti kusema kwamba mfadhili akija na fedha zisizotosha mambo mawili, na mzee yungali hai, mzee na ale kwanza. Jiwe lina subira kuliko tumbo. Tena aibu ya kumkumbuka mtu kwa shaba huku mwenyewe akiwa amekaa na njaa kivulini mwa shaba hiyo ni aibu isiyosafishika. Lakini tusidanganyike kwamba chakula kinamtosha. Tarehe 1 Novemba 2023, Mfalme Charles wa Tatu alipozuru makaburi ya vita yaliyoko Nairobi, aliwapa askari wachache wazee medali badala ya zile walizokuwa nazo zamani. Ilielezwa kwamba walikuwa wamezitupa au kuziharibu katika siku za Mau Mau, wakihofu wasije wakaonwa kuwa watu wa Waingereza. Hebu fikiri maisha ya mtu kama huyo. Alipigana kwa ajili ya mfalme, akarudi akakuta nchi yake inapigana na serikali ya mfalme, akalazimika kuuzika ujana wake katika shimo la takataka. Kipande cha chuma hakimshibishi. Lakini aliyekaa karibu miaka 70 bila kuweza kusema alikokuwa ana njaa ya namna ya pili, nayo haitulizwi kwa unga.

Ni hatari gani basi iliyomo katika mkono wa mfadhili, hata akiwa mwaminifu? Naona ni hii, kwamba hutuzoesha kuamini kuwa kumbukumbu ni kazi ya mwenye fedha. Ukuta wa marumaru ukipasuka, twangoja barua kutoka ng'ambo. Na anayelipia kila kitu mwishowe huchagua nini kikumbukwe na nini kisahauliwe, hata kama hana nia mbaya. Atachagua kile anachokielewa, kwa lugha yake.

Watu wengine wamekwisha kutuonyesha njia nyingine. Baada ya vita vya Vietnam, ambavyo Wamarekani wenyewe waligombana sana juu yake, askari mmoja aliyerudi kutoka huko, Jan Scruggs, alianza mwaka 1979 kukusanya fedha za ukumbusho. Serikali ilitoa kiwanja tu. Fedha, zaidi ya dola milioni 8, zilitolewa na watu zaidi ya 275,000 pamoja na vyama na makampuni, wengi wao wakitoa dola chache chache. Ukuta ule wa mawe meusi ulifunguliwa Washington mwezi wa Novemba 1982, nao una majina zaidi ya 58,000 ya wafu na waliopotea. Katika ukuta huo hakuna jina la mtoaji hata mmoja. Tazama kwetu sasa, jinsi kisima cha shule kinavyopakwa rangi na kuandikwa jina la aliyekichimba kwa herufi kubwa kuliko jina la shule! Anayetoa kwa ajili ya wafu akataka jina lake likae pamoja na yao, ameshuka katika daraja ya tatu niliyoitaja mwanzo, hatoi, ananunua.

Wala isisemwe kwamba majina ya Waafrika hayaandikiki. Februari 1944 meli Khedive Ismail, iliyoondoka Mombasa kwenda Ceylon, ilizamishwa na nyambizi ya Kijapani, wakafa watu zaidi ya 1,200, na miongoni mwao mamia ya askari wa mizinga wa Afrika Mashariki. Hawana kaburi ila bahari. Lakini majina yao yameandikwa katika ukumbusho ulioko makaburi ya vita ya Nairobi, kwa kuwa safari hiyo mtu fulani alikata shauri kwamba yaandikwe.

Ama wale wa vita vya kwanza, kazi yao imeanza kwa kuchelewa, na inaendelea. Katika miaka iliyofuata ripoti ya 2021, katika karatasi za zamani za jeshi zilizohifadhiwa Kenya, watafiti wa Tume wakishirikiana na maofisa wa majeshi yetu walikuta daftari na kadi ambazo zilidhaniwa kuwa zimepotea, na humo wakapata majina zaidi ya 3,000 ya watu ambao hawakuwa katika kitabu chochote cha ukumbusho. Fedha za kusafisha karatasi hizo, kuzipiga picha na kuzitia katika hesabu zimetoka nje, na ni fedha zilizotumika vizuri.

Lakini jina la mpagazi katika daftari ni kitu dhaifu sana. Liliandikwa na karani aliyesikia nusu, kwa herufi za lugha ambayo mwenye jina hakuijua. Jina la mtu, pengine jina la baba yake, jina la chifu, na wilaya. Wamo watu wawili, watatu, kumi wenye jina moja chini ya chifu mmoja. Mtaalamu wa London anaweza kulisoma jina hilo kwa kioo cha kukuzia, asiweze kusema ni la ukoo gani, wala ng'ambo ya mto upi palikuwa na boma alilotoka asubuhi ile akaacha mke na jembe. Mwenye kujua, kama yuko, ni bibi mmoja wa Machakos au wa Siaya au wa Murang'a ambaye aliambiwa na mama yake kwamba palikuwa na mjomba aliyekwenda na Kariokor asirudi, na kwamba kwa ajili yake mtoto fulani aliitwa jina hilo. Bibi huyo hana barua ya mfadhili wala hangoji ruzuku. Anangoja mtu wa kumwuliza, tena amwulize kwa lugha yake, akae chini, aandike. Wewe unajua kuandika; na daftari zimekwisha kufunguliwa.